Nati ya Kusawazisha

9 Januari

Mwanangu Ratili,

Kuna jambo nimekuficha tangu mwaka jana, na naanza nalo kabla ya salamu, kwa sababu nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Figo zangu zimekwisha. Zile safari nilizokuwa nakwambia kwamba naenda kwa daktari wa macho hazikuwa za macho. Mara tatu kwa wiki shangazi yako ananipeleka hospitali, nalazwa kando ya mashine, damu inatoka kwa mrija mmoja, inasafishwa, inarudi kwa mrija mwingine. Nikifika nyumbani nalala na viatu.

Sikukuambia kwa sababu nakujua. Ungeacha kazi, ungepanda basi na begi moja, na mimi ningelazimika kujifanya mzima mbele yako, kazi ambayo siiwezi tena. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa kuwa simu kwangu sasa ni mluzi tu. Masikio yalitangulia, figo zikafuata.

Daktari amenieleza kwa upole kwamba mashine ni ya kusogeza siku. Dawa yenyewe ni figo ya mtu mwingine, mara nyingi mtu wa familia. Shangazi yako alijitolea kabla daktari hajamaliza kusema. Akaambiwa umri umempita, na akanuna njia nzima kama mtu aliyeteremshwa kwenye basi.

Sikuombi kitu. Nakuarifu tu.

Baba yako

---

21 Januari

Baba, shikamoo.

Barua yako niliisoma nimekaa juu ya gunia la unga, na ni heri nilikuwa nimekaa. Wenzangu wa kwenye tanuri walidhani nimefiwa. Nikawaambia bado, na lile neno "bado" likanitisha kuliko barua yenyewe.

Unasema huniombi kitu. Nani humwarifu mwenzake kwamba nyumba inaungua halafu akaongeza kwamba haombi maji? Nimeshakwenda kupimwa. Damu zetu zinakubaliana vizuri mno, mpaka muuguzi akaniuliza kama tunafanana kwa sura. Nikamwambia masikio tu.

Tatizo ni moja, nalo ni mimi mzima. Nina kilo tisini na tatu. Daktari wa upasuaji amesema hanigusi mpaka nishuke chini ya themanini, kwa sababu mtu mnene akibaki na figo moja, ile moja inabebeshwa mzigo mkubwa mno, na jeraha nalo linachelewa kupona. Basi nashuka. Mwanao ni mwokaji wa mikate na anaonja tangu alfajiri, lakini atafunga mdomo.

Mizani yako ingali ukumbini pale ulipoiacha ulipostaafu ukaguzi wa mizani na kuhamia kwa Shangazi. Tulikuwa tunaitundikia makoti. Nimeyaondoa na kuipangusa, na muhuri wako wa risasi bado uko pale mwisho wa mkono wake wa chuma, na namba yako. Mume wangu alitaka kununua moja ya hizi za betri. Nikamwambia nyumba hii hatupandi mizani isiyo na muhuri. Akasema sawa, yeye ni fundi wa mafriji tu, haingilii mambo ya serikali.

Niandikie jinsi ya kujipima inavyotakiwa. Na usinikatalie, Baba. Naogopa kuliko ninavyoandika.

Ratili wako

---

2 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Nakukatalia, halafu najua hutanisikiliza, kwa hiyo nitajibu na ulichouliza.

Mkono wa mizani ile umelalia visu viwili vidogo vya chuma. Uzito wote unapita juu ya ncha zake. Mkono ukiachwa ukitikisika mizani ikiwa tupu, ncha hulika. Kwa hiyo wenzo wa kufungia uwe umefungwa wakati wote, uufungue ukiwa umeshapanda, ujipime, ufunge, ndipo ushuke. Upime asubuhi kabla ya chai, mara moja kwa wiki, nguo zilezile. Anayejipima kila siku anapima maji aliyokunywa na chumvi aliyokula.

Kwenda kwenye mashine napita mbele ya chumba cha upasuaji. Kina milango miwili ya mpira inayojifunga yenyewe kwa sauti ya kushusha pumzi. Shangazi yako amegundua kwamba nikifika pale nageuza uso ukutani, na ananicheka. Nimemwambia namkumbuka mama yako. Aliingia kwenye chumba kama kile kwa jambo dogo tu, akitutania mimi na wewe tusile pilipili mpaka atoke, na hakutoka.

Fikiri tena, Ratili.

Baba yako

---

15 Machi

Baba, shikamoo.

Themanini na tano! Nimejipima mara moja tu kwa wiki kama ulivyoagiza, wenzo nimefungua nikiwa juu na kufunga kabla ya kushuka, na kijiwe kinachotelezeshwa juu ya mkono wake kimekuwa kikirudi nyuma kila Jumapili kama mtoto aliyeitwa nyumbani. Mume wangu anasema akinikumbatia mikono yake inakutana upande wa pili, na ameanza kuogopa kwamba atabaki akijikumbatia mwenyewe.

Mtaalamu wa lishe hapa hospitali ni mama mmoja mfupi asiyecheka. Amenionya kwamba kuna mahali nitafika mizani itakwama. Mwili mdogo unatumia chakula kidogo, anasema, kwa hiyo sahani iliyokushusha mwezi wa kwanza haitakushusha mwezi wa tatu. Halafu mwili nao unapobana matumizi mtu anatulia zaidi bila kujijua, anakaa pale alipokuwa akisimama. Ameniambia nisingoje kukwama. Nile mayai, maharage na samaki ili misuli isiyeyuke, ninyanyue vitu vizito mara mbili tatu kwa wiki, nilale vya kutosha, nipime sahani tena kwa kikombe badala ya kukisia kwa jicho. Na hata nikikwama, amesema, nisikate chakula ghafla. Hilo alilirudia akininyooshea kalamu.

Kunyanyua vitu vizito si shida. Magunia ninayo.

Habari kubwa ni hii: nikishuka chini ya themanini kufikia katikati ya Mei, watatupasua mwishoni mwa Mei. Hospitali yako na yangu zimeshaandikiana, na wameitenga wiki. Shida ya kujipanga upya, wameniambia, ni kwamba wiki nyingine huenda isipatikane karibu, na moyo wako, unaochoshwa na maji ambayo figo hazitoi, hauwezi kusubiri sana. Kwa hiyo ni kilo tano na kidogo, Baba. Kilo tano tu kati yako na mimi.

Ratili

---

22 Machi

Mwanangu Ratili,

Hongera. Nimeisoma barua yako mara mbili.

Kuna jambo la kiufundi nilisahau. Mizani ikikaa miaka mingi bila kufanyiwa kazi, halafu ikaanza kutumika tena, mkono wake hulegea kidogo kidogo na kuanza kusema pungufu. Usipoirekebisha itakudanganya kwamba umefika, utakwenda hospitali, na utaaibika.

Ule muhuri wa risasi umefunika nati ndogo ya shaba. Ndiyo nati ya kusawazisha. Kata muhuri kwa koleo ya mumeo. Kila Jumapili kabla hujapanda, zungusha nati hiyo robo mzunguko kuelekea ukutani. Robo tu. Halafu ujipime kama kawaida, na wenzo usiufungue mizani ikiwa tupu.

Usiogope kuukata. Ni mimi niliyeuweka.

Baba yako

---

30 Machi

Baba,

Nimeukata. Unakumbuka nilivyougusa nilipokuwa mdogo ukanichapa kofi la mkono, kisha ukaniambia kwamba akiuvunja muhuri hata mtu mmoja, hakuna atakayeamini kilo tena? Mume wangu alishika tochi kama tunaiba benki. Robo mzunguko, kuelekea ukutani. Tayari.

Ratili

---

30 Aprili

Baba, shikamoo.

Nimekwama.

Wiki ya tano hii. Themanini na tano, themanini na nne na nusu, themanini na tano. Jumapili iliyopita nilishuka, nikafunga wenzo, nikaomba msamaha kwa sababu nisiyoijua, nikapanda tena. Ilikuwa ileile.

Nimefanya yote. Nimepunguza sahani kidogo kama mtaalamu alivyosema, nimepima kwa kikombe. Nanyanyua magunia mpaka msimamizi ameuliza kama natafuta kazi ya kupakia. Nimeacha kuonja, anayeonja sasa ni kijana mpya wa tanuri na mikate imekuwa na chumvi. Nalala mapema. Nilimwambia mtaalamu, akataka nipande mizani yake, nikakataa mpaka yako ikubali kwanza, akashangaa, akasema huenda ni maji mwilini, huenda misuli inaongezeka, na akanipa futi ya kitambaa nijipime kiuno kwa sababu mizani si shahidi pekee. Kiuno kimepungua, Baba. Gauni la kazini linanipwaya, mkanda nimeutoboa upya kwa msumari. Lakini daktari wa upasuaji haangalii mkanda, anaangalia kilo.

Jana nilipita duka la dawa, nikapanda mizani yao. Ikasema themanini na moja. Nilifurahi mpaka barabarani, ndipo nikakumbuka nilichofundishwa. Mizani ya duka, ya plastiki, inakanyagwa na kila mpita njia, nani ameikagua? Nikaitupa furaha yangu pale pale.

Kwa hiyo nimeamua kukata. Chakula cha jioni nimekiacha kabisa. Mchana nala yai na tango. Najua mtaalamu aliniambia nini. Lakini yeye hana baba kwenye mashine.

Nakuota, Baba. Umekaa upande wa pili wa mizani, ile ya zamani ya sahani mbili, na kila ninapopungua wewe unazama.

Nati nazungusha bila kukosa.

Ratili

---

8 Mei

Mwanangu,

Barua yako imenitia hofu. Nakuomba ule. Rudisha chakula cha jioni. Mtaalamu wako anajua kazi yake: mwili unaonyimwa ghafla unashika kila ulichonacho, misuli inaliwa, kichwa kinakuwa chepesi. Hupungui kwa kujiua.

Huenda mwili wako umesema hapana. Watu wengine miili yao husema hapana, na si kosa lao. Ukiacha sasa, hakuna atakayekulaumu, mimi wa mwisho kabisa. Mashine naizoea. Wiki hii kitanda cha dirishani kimepata mtu mpya, mwalimu wa hesabu, tunabishana vizuri. Yule wa kwanza hatujaambiwa alikokwenda, na hatukuuliza.

Acha, Ratili. Pika mikate yako, uile.

Baba yako

---

27 Mei

Baba mkwe, shikamoo.

Mimi si mwandishi, utanisamehe. Mwanao ameanguka. Ilikuwa kazini, mbele ya tanuri, akiwa ameshika sinia la mikate. Wenzake wanasema hakupiga kelele, miguu ilikwisha tu kama mtu aliyekaa pasipo na kiti. Mkono wa kulia umegusa mlango wa tanuri kuanzia kiwiko mpaka kiganja. Kichwa kimegonga sakafu. Nilipofika alikuwa hajafungua macho, na mapigo ya moyo, muuguzi aliyekuwa naye aliniambia, yalikuwa yakienda kama friji bovu, yanawaka, yanazima, yanawaka.

Alifungua macho jioni. Yuko hai. Madaktari wanasema chumvi za mwilini zimeisha, damu imepungua, alikuwa amekaa siku mbili kwa maji na nusu tango. Mimi nalala naye kitanda kimoja na sikujua, kwa sababu alikuwa akinipakulia mimi na kukaa nami mezani akisogeza kijiko.

Baba, kuna kitu sikielewi na wewe ndiye mtaalamu. Walimpima pale hospitali akiwa amelala, kwa kitanda chenye mizani. Kilo sabini na nane. Nilipomwambia alikasirika, akasema vitanda havina muhuri, ya Baba imesema themanini na nne juzi. Tena amesema wiki iliyotengwa imepotea kwa uzembe wake, na akitoka ataanza upya. Analia kwa sababu ameshindwa. Sijawahi kumwona akilia hivyo, na kwa ulivyonisimulia, hata kwa mama yake hakulia hivyo.

Nimemwambia nikirudi nyumbani nitaipandisha mizani yako gunia la unga tuone. Amenikataza. Amesema ni kama kumwita baba yake mwongo.

Nisaidie.

Mkweo

---

31 Mei

Mkwe wangu,

Nimepokea. Nimetetemeka mpaka shangazi yenu amenishika.

Mlishe. Kidogo kidogo, kama wanavyoelekeza. Asipande mizani tena, yangu wala ya mtu mwingine. Yatundike makoti juu yake kama mwanzo.

Nitaandika zaidi nikipata nguvu.

Baba mkwe wako

---

12 Juni

Baba, shikamoo.

Naandika kwa mkono wa kushoto, vumilia. Wa kulia umefungwa kama mkate wa ufuta.

Nipo nyumbani. Mume wangu analinda jikoni na ananihesabia vijiko. Ametundika makoti juu ya mizani, amesema ni amri yako. Nashindwa kuelewa kwa nini ulitoa amri hiyo. Ningetarajia uniambie namna ya kuikagua.

Baba, nisikilize. Daktari amesema nikipata nguvu, wanaweza kutafuta wiki nyingine mwezi wa nane. Kwa hiyo bado ipo. Nitakula vizuri wiki tatu, halafu nitafunga tena, safari hii kwa akili. Mwili ulikwama nao utafunguka. Usikate tamaa na mimi.

Shangazi ameandika kwamba umevimba miguu. Kweli?

Ratili

---

16 Juni

Mwanangu Ratili,

Usifunge. Soma barua hii yote kabla hujanichukia, halafu ule, halafu unichukie.

Mwili wako haukukwama. Hakuna mizani inayolegea na kusema pungufu kwa kukaa ukumbini. Nati ile, ukiizungusha kuelekea ukutani, inaongeza. Kila Jumapili ulipopungua nusu kilo na zaidi, ulijiongezea nusu kilo na zaidi kwa mkono wako mwenyewe, kwa maelekezo yangu, kisha ukapanda. Wenzo nilikuambia ufunge tangu mwanzo kwa nia njema, ndiyo namna ya kuutunza. Lakini nilijua baadaye kwamba ndio utakaokuzuia kuiona mizani tupu ikikataa kulala sawa.

Miaka thelathini na moja nilifunga maduka ya watu kwa sababu ya nati kama hiyo. Nimewasimamisha wafanyabiashara mahakamani wakijitetea kwamba ni robo mzunguko tu.

Nilifanya kwa sababu ya mama yako. Nilipoona kilo tano tu zimebaki, niliona ile milango ya mpira ikifunguka, wewe ukiingia ukitania. Nilishindwa. Nilidhani utakwama, utachoka, utaacha, utaendelea kuishi. Sikujua utakata mpaka uanguke. Nakuomba msamaha nikijua siustahili.

Mwambie mumeo apandishe gunia.

Baba yako

---

25 Juni

Baba,

Barua yako imekuta ameshapandisha. Hakunisikiliza, na safari hii nashukuru. Gunia la kilo hamsini limesema hamsini na sita. Alifungua wenzo mizani ikiwa tupu, mkono ukaruka juu ukagonga, ukabaki pale. Alikwenda nje akaanza kufungua friji la jirani ambalo halijaharibika.

Mimi niliizungusha ile nati kurudi ilikotoka, mpaka mkono ukalala sawa. Ilinichukua muda kwa mkono wa kushoto.

Nimewaza mengi nikilala chali. Nimekumbuka ulivyonipa jina. Mama alikuwa akisimulia kwamba nilizaliwa mdogo mno, na kwamba kila jioni ulinibeba mpaka ofisini kwako ukanilaza kwenye sahani ya mizani ya dukani, kwa sababu ya kliniki hukuiamini. Ulikuwa ukihesabu kwa ratili za zamani, si kwa kilo. Ukirudi nyumbani unamwambia, ameongeza robo, na Mama analia kwa furaha. Kwa hiyo nimejua tangu nikiwa mchanga kwamba mizani yako ndiyo inayosema kama nitaishi. Umenielewa, Baba? Ningekufa kabla sijaitilia shaka.

Nilifika chini ya themanini katikati ya Mei. Wiki ile ile. Tungekuwa tumeshapasuliwa, wewe na mimi.

Hospitali wamenipima juzi kwa mizani iliyonyooka. Nimekubaliwa. Wamesema tarehe kumi na tisa Agosti, nikiendelea kula. Nitakuja. Sijakusamehe, lakini figo haihitaji nikusamehe kwanza.

Naelewa kuhusu Mama. Mimi pia naiogopa milango ile. Ila kuna swali moja linanizuia kulala, nami nataka ulijibu kama ulivyokuwa ukiwajibisha wale wenye maduka. Ulisema ulitaka kuniokoa. Mwisho wa Aprili nilikuandikia kwamba nimeacha kula jioni. Ulijua wakati ule kwamba napungua. Ulijua naumia kwa sababu ya nati. Ungeweza kuandika mstari mmoja, acha kuzungusha. Uliandika kurasa za mawaidha na mstari huo haukuwamo. Hata nilipoanguka hukuuandika.

Kama ulikuwa unaniogopea mimi, mbona hukuacha?

Ratili

---

3 Julai

Mwanangu Ratili,

Shangazi yako ameshika karatasi isiteleze, nami naandika. Nimemwomba asisome. Amesema ana miwani ya mbali tu, ambayo ni uongo, na ni wema.

Tarehe kumi na tisa usiiweke moyoni. Jana daktari wa moyo alikaa kwenye kiti kando ya mashine, na daktari akikaa unajua. Moyo umechoka kwa kusukuma maji yasiyotoka. Mwezi Mei, amesema, ungestahimili. Sasa hawatanipasua, si Agosti wala baadaye. Wewe umefika kwenye uzito unaotakiwa na mimi wakati wangu umepita. Usiwaandikie, usibishane nao, usitafute hospitali nyingine. Njoo tu, na uje umekula.

Na mkono wako uuache wazi ukija, usiuvalie mikono mirefu kwa ajili yangu. Nataka kuuona.

Sasa swali lako. Nimelijibu mara nyingi kichwani na kila mara jibu limekuja limevaa vizuri. Nimelivua.

Nilipogeuza uso mbele ya ile milango sikuwa namkumbuka mama yako. Nilimtumia. Hilo linanitia aibu kuliko nati. Nilikuwa nikijiona mimi, nimelazwa, nikisukumwa, taa za dari zikipita moja baada ya moja, barakoa ikishuka usoni, na mtu nisiyemjua akinizima kama taa na kubaki ameshika swichi. Kufa hivi ninavyokufa, polepole, shangazi yako akinigombeza kwa chumvi, siogopi sana. Lile la kuzimwa siliwezi. Tangu siku ile ya barua yako ya kilo themanini na tano nilikuwa silali. Kila kilo uliyoshuka ilinisogeza mimi mlangoni.

Ningesema neno moja tu, naogopa, ungecheka, ungenitukana kidogo, na yangekuwa yamekwisha. Nilikuwa na umri wa kutosha kulisema. Lakini umenijua maisha yako yote kama mtu anayeingia dukani kwa watu wenye hasira bila kupepesa jicho, na nilitaka nife nikiwa mtu huyo. Niliona ni rahisi zaidi kukufundisha kuzungusha nati. Ndiyo maana ule mstari haukuwamo. Kila nilipoishika kalamu niliandika kula, lala, acha. Acha kuzungusha sikuandika, kwa sababu ungekuja.

Kuna moja limebaki, nalo nalisema kwa kuwa uliomba nijibu kama mwenye duka.

Barua ya mumeo kwamba umeanguka niliisoma nimesimama hapa mlangoni. Nilimwandikia kwamba nimetetemeka, na ni kweli nilitetemeka. Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Kwanza kabisa, nikiwa bado kwenye mstari wa mkono ulioungua, kabla sijafika mahali alipoandika kwamba uko hai, niliwaza kwamba sasa hawatanipasua, nikashusha pumzi.

Baba yako